GESI INAVUJA? KAGUA MAUNGIO KABLA HUJAMBADILISHIA MTEJA MTUNGI

Wauza gesi wenzangu wa rejareja, hii ya leo ni yetu. Mteja anarudi amekasirika: "Mtungi wako haukujaa, wiki haijaisha gesi imekata!" Wengi wetu hapo tunabishana naye, au tunambadilishia na kula hasara. Usifanye lolote kwanza. Nenda kwake na sabuni.

Kwa ninavyoona mimi, mara nyingi mtungi hauna kosa. Kosa liko kwenye maungio, na ni matatu tu: regyuleta inapokaa juu ya valvu, mpira unapoingia kwenye regyuleta, na mpira unapoingia kwenye jiko.

Koroga sabuni ya vyombo na maji kidogo, iwe nzito. Zima moto wote wa karibu, hata mkaa wa jirani. Funga swichi za jiko, fungua regyuleta ili gesi ijae kwenye mpira, halafu paka povu kwenye kila ungio na usubiri. Usiwe na haraka, tundu dogo linatoa kipovu kimoja kimoja kama mate ya mtoto. Na kama wewe ni wa kupima kwa kiberiti, ndugu yangu, kauze nyanya.

Povu likichemka kwenye valvu, funga, toa mtungi nje, vua regyuleta, chungulia mdomoni. Kuna ringi nyeusi ya mpira. Utakuta imepasuka, imebonyea, au haipo kabisa. Weka mpya ya saizi ileile, ya gesi. Washa ya bomba la maji usiiweke hata kama inaingia vizuri, mpira wa kawaida unavimba ukikaa na gesi na uvujaji unarudi. Ule utepe mweupe wa mafundi bomba nao hausaidii hapa, kwa sababu kinachozuia gesi ni ringi, siyo nyuzi.

Upande wa mpira, angalia umefungwa na nini. Nimeshakuta waya, kamba, mpaka vipande vya tyubu ya baiskeli! Weka klipu ya chuma ya skrubu, kaza mpaka mpira usizunguke, basi. Ukizidisha unaukata. Ncha ikiwa imetanuka lakini kwingine bado ni laini, kata kama sentimita 3 uingize upya. Ukiukunja ukaona nyufa, huo ni wa kutupa, usiuunge.

Sasa, kama umeshavua regyuleta, ringi ni nzima na povu bado linatoka ndani ya valvu, hapo siyo kazi yetu. Usichokonoe. Mtungi ukae wima, nje, mbali na moto na mtaro, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa, inashuka na kujikusanya chini. Mrudishie wakala.

Mteja akikupigia simu kwamba nyumba inanuka, usianze kumuuliza alinunua lini. Mwambie asiguse swichi ya umeme, iwe kuwasha au kuzima, afunge regyuleta kama anaifikia, afungue milango, watu watoke. Mengine baadaye.

Ila siyo kila lalamiko ni uvujaji. Mama mmoja wa chipsi aliniambia mtungi wake wa kilo 6 unaisha siku 4. Nikaenda, shikamoo mama, nikapaka povu kote, hakuna kitu. Tukapiga hesabu. Jiko la nguvu likiwaka moto mkubwa linakula karibu robo kilo kwa saa. Yeye anakaanga saa 6 kwa siku, yaani kilo moja na nusu. Siku 4 ni kilo 6 kamili. "Kumbe siibiwi, mwanangu," akacheka. Siku hizi anachukua wa kilo 15.

Ndiyo maana mizani lazima iwepo dukani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Jumlisha kilo za gesi, pima mbele ya mteja, andika kwenye daftari na tarehe. Mtungi unaoushuku upime jioni, uache nje penye hewa na usalama, upime tena asubuhi. Ukipungua, umepata jibu.

Ringi na klipu naziweka kwenye kopo pembeni ya mizani. Kifaa mteja analipia, kufunga ni bure.