Kuunganisha Ngoma ya Pete na Baleti: Utaratibu wa Somo

Madhumuni ya makala hii ni kumwonyesha mwalimu wa sanaa za maonyesho namna ya kufundisha muungano wa ngoma ya pete ya wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, baleti, na dansi ya kisasa. Naanza kwa kukiri kosa langu. Nilipofundisha somo hili mara ya kwanza, niliwapa wanachuo pete kubwa za waya, nikawaamuru wazizungushe huku wakifuata hatua za baleti. Mwishoni mwanachuo mmoja aliuliza, "Mwalimu, hii ni ngoma au mazoezi ya viungo?" Sikuwa na jibu.

Jibu limo katika ngoma yenyewe. Mchezaji huanza na pete moja, kisha huongeza nyingine, akiziokota kwa mguu bila kukatiza mdundo. Akizifungamanisha mwilini, huunda tai, kipepeo au tufe la dunia. Duara ni ishara ya mzunguko wa uhai. Tony White Cloud wa Jemez Pueblo, New Mexico, aliieneza ngoma hii majukwaani katika miaka ya 1930. Tangu 1991 jumba la makumbusho la Heard, mjini Phoenix, Arizona, limekuwa likiandaa mashindano yake ya dunia.

Yafaa pia wanachuo wajue kwamba mwaka 1883 Serikali ya Marekani ilitoa kanuni za kuwaadhibu wenyeji hao kwa kucheza baadhi ya ngoma zao za jadi. Aazimaye ngoma yao hana budi kuwataja wenyewe kwanza.

Tofauti za kiufundi nazo zizingatiwe. Baleti, iliyokuzwa katika majumba ya wafalme wa Ulaya, hugeuza miguu nje na kuuinua mwili. Dansi ya kisasa huukubali uzito na kuitumia sakafu. Katika ngoma ya pete, miguu hukaa karibu na ardhi ikifuata ngoma inayopigwa.

Napendekeza hatua hizi:

1. Wanachuo wajifunze asili ya ngoma.
2. Wafanye mazoezi ya mdundo kwa miguu, bila pete.
3. Watumie pete moja, kisha wafikie nne.
4. Wafundishwe baleti na dansi ya kisasa katika vipindi vya peke yake.
5. Wachague umbo moja, tuseme tai, na kuunganisha. Baleti itoe unyofu wa mikono. Dansi ya kisasa itoe kuanguka na kuinuka. Miguu ibaki na mdundo.

Mavazi ya ibada yasiigwe.

Kipimo cha mwisho ni rahisi: ziondoe pete. Dansi ikibaki vile vile, pete zilikuwa mapambo tu, na muungano haukuwapo.

Si kwamba mila hizi haziwezi kukaa pamoja. Maria Tallchief, binti wa kabila la Osage aliyezaliwa mwaka 1925, alipanda hadi kileleni mwa baleti ya Marekani, akakataa kubadili jina la ukoo wake. Aliimudu sanaa ya wengine bila kuliacha lake.

Niliporudia somo kwa utaratibu huu, tulizitoa pete, na tai akatoweka. Hakuna aliyeuliza tena kama ile ilikuwa ngoma.