MAUMIVU YA MAGOTI KWA VIJANA WETU: TIBA YAKE NA HUKUMU YA SALA YAO

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeuumba mwili wa mwanadamu na kuupanga kiungo kwa kiungo, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baad:

Ndugu zangu Waislamu, somo letu la leo limetokana na swali la mzee mmoja wa hapa Katito, aliyenikabili baada ya sala ya Alasiri akasema: "Sheikh, mwanangu ana miaka 13. Akiitwa uwanjani hukimbia kama swala, akiitwa msikitini hulalamika goti. Je, huu ni uvivu, au ni jicho la watu? Nimeambiwa nimpeleke kwa mganga akachanjwe na kufungwa hirizi. Wasemaje?"

Kabla sijajibu, sina budi kukiri kosa langu mwenyewe, kwani haifai mtu kuwafundisha watu uadilifu naye ameuficha udhalimu wake. Kijana huyo alikuwa mwanafunzi wa darsa yetu. Siku moja nilimkuta ameunyoosha mguu mbele ya msahafu, nikamkemea mbele ya wenzake, nikamwamrisha aukunje. Akaukunja, na machozi yakamlenga. Mimi nikadhani ni machozi ya kiburi. Tangu siku ile hakuonekana tena darsani, wala katika sala ya Alfajiri. Baba yake aliponiuliza ndipo nilipokwenda kwao, nikamwomba anionyeshe goti. Akasema, "Maalim, ni hapa tu," akaweka kidole chini ya pia ya goti, mahali palipoinuka kama kokwa. Nilipopagusa kidogo, alishtuka kama aliyeguswa na kaa la moto. Basi nikajua kwamba aliyekosa si yeye.

Tulimpeleka hospitali, daktari akampima na kumwuliza maswali, akatueleza kwamba maradhi haya yanajulikana sana. Waliyoyaeleza katika maandishi ya kitabibu mwaka 1903 ni matabibu wawili, Robert Osgood wa Boston, Marekani, na Carl Schlatter wa Zürich, Uswisi, kila mmoja mbali na mwenzake, na kwa majina yao maradhi yakaitwa hivyo hadi leo.

Sababu yake ni hii. Msuli mkubwa wa mbele ya paja hushuka mpaka kwenye pia ya goti, na kutoka hapo hushuka ukano wenye nguvu ukashika sehemu ya juu ya muundi. Kwa mtu mzima mahali hapo ni mfupa mgumu. Kwa kijana anayekua, bado pana gegedu laini, kwani mfupa haujakamilika. Tena katika miaka hiyo mifupa hurefuka upesi, na misuli hubaki nyuma ikawa imekazana. Basi kila anapokimbia, kuruka, kuchuchumaa au kupiga mpira, ukano huvuta pale pale palipo laini, mara mia na mara elfu, mpaka pakavimba na kuuma. Huwapata zaidi wavulana wa miaka 12 hadi 15, na wasichana hutangulia kidogo, kwani nao hutangulia kukua. Huweza kushika goti moja au yote mawili.

Kwa hiyo, ewe mzazi, fahamu ya kwamba mtoto kukimbia uwanjani na kulia msikitini si dalili ya unafiki. Mchezo humpa furaha inayomsahaulisha maumivu, kisha humlipisha jioni. Na sala humtaka aliweke goti lake juu ya ardhi ngumu, uzito wa mwili ukikalia pale pale penye nundu. Sala za fardhi za siku moja ni rakaa 17, na sijda zake ni 34. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi mtoto huyu anapigwa mahali pa jeraha, ilhali sisi twamwita mvivu.

HUKUMU YA SALA YAKE

Imamu Bukhari amepokea kwa Imran bin Huswain, radhi za Mungu zimshukie, kwamba alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya sala, naye akamwamuru asali kwa kusimama, asipoweza asali kwa kukaa, na asipoweza asali kwa ubavu. Hadithi hii ndiyo msingi wa mlango wote. Basi katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kijana mwenye goti bovu atafanya hivi:

Kwanza, atandike kitu laini chini ya magoti, kama mswala uliokunjwa au blanketi. Jambo hili halina ubaya wowote, na aghalabu hilo pekee linatosha.

Pili, akishuka kwenda kusujudu, anaweza kutanguliza mikono kabla ya magoti. Kutanguliza magoti kwetu ni sunna, si nguzo.

Tatu, katika kikao cha tahiyatu, namna tuliyoizoea ya kukalia mguu ni sunna pia. Akae apendavyo, hata kwa kuunyoosha mguu, na asikemewe na mtu.

Nne, ikiwa hawezi kabisa kusujudu juu ya ardhi, au anasujudu kwa mashaka makubwa yanayomwondolea unyenyekevu, basi ataashiria kwa kuinama, na sijda yake aiinamishe zaidi kuliko rukuu. Lakini kisimamo hakimwondokei maadamu anaweza kusimama, kwani uwezekanao hauanguki kwa sababu ya usiowezekana.

Ama kuiacha sala kabisa, au kuiacha jamaa kwa kuona haya ya kutazamwa na watu, hilo halina ruhusa. Na sisi tunaomtazama tuogope kuwa sababu ya kumfukuza katika nyumba ya Mola wake.

JICHO, HIRIZI NA CHANJO

Jicho ni kweli, nasi hatulikanushi. Wala hatumkatazi mzazi kumsomea mwanawe Fatiha, kwani masahaba walisoma na Mtume akawakubalia. Tunalolikataza ni hirizi, ambayo Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Imamu Ahmad kwa Uqba bin Amir, ameihesabu kuwa ni shirki. Na chanjo ya wembe juu ya goti ina madhara mawili: ya kwanza, wembe usio safi huingiza uchafu na maradhi katika damu, na pengine katika goti lenyewe, ya pili, humpotezea mgonjwa siku, na yako maradhi ambayo siku hizo ndizo uhai wake.

Wako wasemao kwamba hospitali zilizo karibu nasi ni za misheni au daktari wake si Mwislamu. Tunawajibu kwamba Mtume (s.a.w.), alipohama kutoka Makka, aliajiri kiongozi wa njia aliyekuwa bado katika dini ya Makureshi, kwa kuwa alikuwa hodari na mwaminifu katika kazi yake. Aliyemwamini kiongozi jangwani, hali roho yake inatafutwa, ametufundisha kumwamini tabibu katika utabibu wake. Basi asiyeweza kufika Kisumu katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi wangali wakiiita Russia, asione vibaya kupanda Nyabondo.

TIBA YAKE

Maradhi haya, kwa rehema ya Mungu, huondoka mengi yao kijana anapokamilisha kukua, gegedu lile likageuka mfupa. Huenda ikachukua miezi, pengine mwaka au zaidi, na nundu huenda ikabaki bila ya kuuma. Katika muda huo afanye haya:

1. Apunguze yanayomwumiza, hasa kuruka, kukimbia kwa kasi na kupiga magoti. Si lazima aache michezo yote. Maumivu yakiwa madogo na yakaisha kabla ya kesho, aendelee kwa kiasi. Yakimfanya achechemee, apumzike. Na kupumzika si mpirani tu: kupanda mlima na ndoo ya maji, au kupalilia kwa magoti, nako humwumiza.

2. Baada ya mchezo aweke barafu iliyofungwa katika kitambaa, dakika 10 hadi 15. Hata ile ya wauza samaki yafaa.

3. Ainyooshe misuli ya paja kila siku, mbele na nyuma, polepole bila kulazimisha. Kisha alale chali, mguu umenyooka, auinue na kuushusha taratibu, ili paja lipate nguvu.

4. Dawa ya maumivu apewe kwa kipimo cha daktari. Asipirini asipewe aliye chini ya miaka 16 isipokuwa daktari ameamuru.

DALILI ZA HATARI

Wala si kila goti liumalo ni haya tuliyoyataja. Mpelekeni mtoto hospitali siku ile ile mkiona goti limevimba na kuwa la moto pamoja na homa; au hawezi kukanyaga; au goti limevimba ghafla baada ya kuanguka. Wala msikawie ikiwa maumivu yanamwamsha usiku, au uvimbe wa mfupa unazidi na mwili unakonda, kwani saratani ya mfupa hupenda mahali hapa na umri huu. Na mtoto anayechechemea huku akilalamika goti, huenda ugonjwa uko katika nyonga. Na huku kwetu Nyanza, ambako ugonjwa wa selimundu, wauitao wengi sikoseli, umeenea, mtoto mwenye maumivu ya mifupa yanayorudi rudi apimwe damu.

Kijana wetu amerudi. Hukaa darsani karibu na ukuta, mguu umenyooka, na mkeka wake wa kusalia una mkunjo mnene pale magoti yanapotua. Nilimwomba msamaha mbele ya wale wale niliomkemea mbele yao. Nami nawausia waalimu wenzangu: mwanafunzi akikaa tofauti na wenzake, mwulizeni kabla ya kumhukumu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu, na atusamehe tuliyowakosea kwa ujinga. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.