Barua za Maaskofu Zafika Lusahunga

"Babu, maaskofu ni wa chama gani?"

Aliyeuliza ni kijana wa bodaboda ambaye mwaka huo angepiga kura yake ya kwanza. Walikuwa njiapanda ya Lusahunga, pale malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapoiacha barabara ya Biharamulo na kushika ya Rusumo. Ilikuwa Septemba 2025, kampeni zimepamba moto. Aliyeulizwa, katekista mstaafu, si mtu wa kujibu swali la siasa kwa neno moja.

"Chama hawana. Malalamiko wanayo, tena ya siku nyingi."

"Mbona enzi za Nyerere hawakulalamika?"

Mzee alicheka. Alizikumbuka chaguzi za chama kimoja: mgombea ubunge mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake nyumba, na wote ni wa chama kilekile; urais ulikuwa wa ndiyo au hapana. "Hapo umenishika, mjukuu wangu. Wengi wetu, mapadri kwa walei, tuliona ndivyo ilivyo."

Kisha akaingia kwenye kiini. Katika mpira, alisema, hakuna timu inayokubali refa aliyeteuliwa na nahodha wa wapinzani. Ibara ya 74 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kuteua wajumbe wa Tume ya Uchaguzi, naye Rais huweza kuwa mgombea. Sheria ya mwaka 2024 iliipa Tume jina la "Huru" na kuweka kamati ya usaili, lakini mteuzi hakubadilika. Ibara ya 41(7) nayo inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa. Kenya waliufuta uchaguzi wa Rais mahakamani Septemba 2017. Tanzania kesi kama hiyo haipokelewi.

"Hakuna aliyewahi kwenda mahakamani?"

"Mchungaji Mtikila alikwenda." Christopher Mtikila alianza kudai haki ya mgombea binafsi miaka ya 1990, akashinda Mahakama Kuu, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, akashinda tena Mahakama ya Afrika, Arusha, Juni 2013. Alifariki Oktoba 2015, na mgombea binafsi bado hayupo.

Kijana hakuridhika. Kura si zinahesabiwa mbele ya mawakala? Mzee akamrudisha kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, ambao ulisimamiwa na TAMISEMI. Wagombea wengi wa upinzani waliondolewa kwa madai ya makosa ya kujaza fomu, CCM ikazoa zaidi ya asilimia 99 ya viti vya vijiji. "Jina likikatwa kwenye fomu, siku ya kura wakala atalinda nini?"

Ndiyo maana barua za maaskofu hutoka mapema, alisema. Kwaresima ya 2018 Maaskofu Katoliki waliandika kuhusu shughuli za vyama kubanwa; Pasaka ya mwaka huohuo maaskofu wa Kilutheri wa KKKT nao wakaandika. Ofisi ya Msajili wa Jumuiya ikawataka KKKT wauondoe waraka wao, kisha Waziri wa Mambo ya Ndani mwenyewe akaikana barua hiyo ya Msajili. Na askofu wa hapa jimboni, Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara, alipotaka mchakato wa Katiba mpya urejeshwe, baadaye alijikuta akihojiwa na Uhamiaji kuhusu uraia wake.

"Padri Kitima, katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu, naye je?"

"Alipigwa Kurasini usiku wa Aprili 30 mwaka huu, akaumizwa kichwa. Nani alimtuma aliyempiga, mimi sisemi."

"Basi wangenyamaza, wakae salama."

Mzee akanyoosha mkono kuelekea barabara ya Rusumo. Mwaka 2015 Kanisa Katoliki Burundi liliwaondoa mapadri wake kwenye kamati za uchaguzi, na mwaka huohuo wakimbizi wakafurika Kigoma. Kongo, Desemba 2018, maaskofu walisambaza waangalizi wapatao 40,000, kisha wakasema hesabu yao haikuoana na ya tume.

"Na matokeo yalibadilika?"

"Hayakubadilika. Ila hakuna anayeweza kudai kwamba hakuna aliyehesabu."

Hapa nyumbani, alieleza, mwangalizi huhitaji kibali cha Tume, na CHADEMA, iliyokataa kusaini kanuni za maadili mwezi Aprili, haimo kwenye karatasi ya kura wala haitakuwa na wakala. Kilichobaki ni fomu ya matokeo, ambayo hutakiwa kubandikwa nje ya kituo.

"Hata bodaboda anaruhusiwa kuisoma?"

"Hata wewe. Kura hufungwa saa 10 jioni, na kuhesabu huanza papo hapo. Ukimshusha abiria wa mwisho utaikuta ukutani."

"Na nisipoikuta?"

"Uliza kwa msimamizi wa kituo. Usiende peke yako."