Kuhamisha Viwanda Ng'ambo: Je, ni Tishio kwa Usalama wa Kijeshi?

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Makala haya yanachunguza, kwa kurejelea Marekani, iwapo kauli hiyo inasadifu ulinzi wa taifa. Kuhamisha viwanda hapa kunamaanisha kuacha kutengeneza bidhaa nchini ili itengenezwe nje kwa gharama nafuu.

Hoja ya unafuu

Wafuasi wa nadharia ya David Ricardo (1817) hushikilia kuwa kila nchi ijikite katika uzalishaji inaoumudu vyema zaidi. Fedha zinazookolewa zaweza hata kununulia silaha. Hoja hii ina mashiko wakati wa amani. Hata hivyo, Adam Smith, mtetezi wa biashara huria, alikubali mapema, mwaka 1776, kuwa ulinzi waweza kuhalalisha kuibana biashara.

Ushahidi

Mfano wa kwanza ni sumaku zinazotokana na madini adimu, ambazo hutumika katika ndege za kivita na makombora. Mwaka 1995, kampuni ya Magnequench ya jimbo la Indiana iliuzwa kwa wawekezaji, wakiwemo Wachina. Hatimaye utengenezaji wake ulihamia China. Septemba 2022, Marekani ilisitisha kupokea ndege za F-35 baada ya kugundua kuwa sumaku ya kifaa kimoja cha ndege hizo ilikuwa na aloi kutoka China. Mwezi uliofuata ilibidi itoe kibali maalumu ili izipokee. Kisha, Aprili 2025, China iliweka masharti ya leseni kwa uuzaji nje wa aina saba za madini hayo.

Mfano wa pili ni baruti ya TNT. Marekani iliacha kuitengeneza mwaka 1986, ikategemea nchi za nje, hasa Poland, mshirika wake. Vita vya Ukraine vilipopanuka mwaka 2022, mahitaji yalipanda ghafla, na urafiki peke yake haungeweza kuongeza uwezo wa kiwanda. Novemba 2024 Marekani ilitoa kandarasi ya kujenga kiwanda kipya Kentucky, miaka 38 baada ya kukifunga cha awali.

Hata hivyo, si kila upungufu umetokana na uhamishaji. Maganda ya makombora ya milimita 155 yaliendelea kutengenezwa Scranton, Pennsylvania. Lakini mwaka 2022 Marekani ilizalisha takriban makombora 14,000 tu kwa mwezi. Kiwanda kilichopo nyumbani bila uwezo wa akiba nacho hakitoshi.

Hitimisho

Ni bayana kuwa uhamishaji hudhoofisha ulinzi pale mtoaji anapokuwa mmoja, anapokuwa mshindani, au ujuzi unapotoweka pamoja na mitambo. Hili la tatu ndilo zito zaidi. Mtoaji mwingine aweza kutafutwa kwa fedha, ilhali fundi hulelewa kwa miaka. Taifa linalofunga kiwanda halina budi kujiuliza kwanza: nani atakayekumbuka namna ya kukifungua?