MAFUNZO YA NYUMBANI KWA WATOTO WA UMRI MBALIMBALI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jua, ewe mzazi, ya kuwa kumfundisha mtoto dini si hisani, bali ni deni. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wamesema kuwa ni wajibu wa wazazi kumfundisha mtoto tahara na sala na yaliyo haramu, na kumwamrisha sala atimizapo miaka saba akiwa na akili ya kupambanua. Asiyejua na ajifunze, au amtafute wa kufundisha. Na ujira hutolewa katika mali ya mtoto akiwa nayo, na kama hana, ni juu ya mwenye kumlisha.

Deni hili halimwondokei mtu kwa kuwa madrasa iko mbali. Huko Ushetu, katika wilaya ya Kahama, nyumba nyingi zimetawanyika mashambani, na tangu Novemba hata Aprili mvua na kilimo cha tumbaku, mpunga na mahindi huwataka wote wa nyumbani. Skuli nayo ina haki yake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ililazimisha mtoto wa miaka saba aandikishwe. Basi mafunzo ya nyumbani hayaji badala ya skuli, bali hupewa saa zake: baada ya alfajiri na baada ya magharibi.

NANI HUTANGULIZWA?

Tuseme nyumba ina watoto wanne: wa miaka 4, 7, 10 na 14. Ada ya wengi ni kuwashughulikia wadogo na kumwacha mkubwa, kwa kuwa mkubwa ana nguvu. Akiwa mvulana hupelekwa shamba, au hukimbilia machimbo ya dhahabu. Akiwa msichana hufanywa mlezi wa wadogo zake. Na hii ni kinyume cha hukumu. Mdogo kalamu haijamwandikia. Mkubwa yu mlangoni.

Bulughu huthubutu kwa moja ya mambo matatu: kutimiza miaka 15, au kutokwa na manii, au hedhi kwa mwanamke, na haya mawili huweza kuja tangu miaka 9. Tena miaka 15 hiyo ni ya mwezi mwandamo, nayo ni kama miaka 14 na miezi sita na nusu kwa hesabu ya skuli. Mzazi angojaye mpaka cheti cha kuzaliwa kitimize 15 amechelewa zaidi ya miezi mitano, na kila sala iliyompita kijana katika miezi hiyo ni deni juu yake. Kwa hiyo wa miaka 14 ndiye atangulizwaye.

FUNGU LA KILA MMOJA

Wa miaka 4: shahada, sura fupi kwa kusikiliza, na adabu ya kula na kuamkia wakubwa. Robo saa yamtosha.

Wa miaka 7: herufi na irabu juu ya ubao, udhu na sala kwa kutenda mbele ya mzazi.

Wa miaka 10: kusoma Juzuu Amma katika msahafu, na nguzo 6 za udhu na nguzo 17 za sala, kama zilivyopangwa katika Safinatun Naja ya Sheikh Salim bin Sumeir.

Wa miaka 14: josho, janaba, hedhi, saumu, na hukumu za biashara. Katika nchi ya dhahabu hapana budi ajue ya kuwa dhahabu kwa dhahabu haibadilishwi ila kwa uzani sawa na kupokezana papo hapo. Kinyume chake ni riba.

SOMO MOJA KWA WOTE

Si lazima kuwa na masomo manne kila siku. Ichukuliwe Alhamdu: mdogo huitikia, wa pili huitambua kwa herufi, wa tatu hujifunza kuwa ni nguzo ya sala, yenye aya 7 pamoja na Bismillahi, wa nne huzihesabu shada zake 14, na kujua kuwa aachaye moja kisomo chake hakikutimia. Maana huelezwa kwa lugha ya nyumbani, iwe Kisukuma au Kinyamwezi.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameusia mwanafunzi afundishwe kwa kadiri ya fahamu yake. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameonya juu ya kumchanganyia mwanafunzi elimu mbili kwa pamoja. Basi miezi ya kilimo na iwe ya sala na kurudia yaliyohifadhiwa. Masomo mapya yangoje kiangazi, tangu Mei hata Oktoba.

Mkubwa kuwafundisha wadogo ni jambo jema, kwani afundishaye huthibitisha alichonacho. Lakini sharti kwanza apate somo lake. Binti aliyefundisha alifu na be miaka mitano, na hukumu ya hedhi hajaambiwa, amedhulumiwa na wazee wake hali wanamsifu.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kulipa deni hili kabla ya kuulizwa. Amin.