Somo: Kila Kebo na Tundu Lake kwenye Ruta

Intaneti inaweza kukosekana nyumbani ilhali kifurushi kimelipiwa, ruta ni nzima na njia ya mtoa huduma haina hitilafu. Huenda chanzo kikawa kebo iliyochomekwa katika tundu lisilo lake. Katika somo hili tunaeleza kazi ya kila tundu, ili usimlipe fundi kwa jambo unaloweza kulirekebisha mwenyewe, wala usilipie kasi usiyoipata.

Yatambue matundu

Tundu lililoandikwa WAN au Internet, ambalo mara nyingi huwa na rangi ya peke yake, ni mlango wa kuingilia. Hupokea kebo itokayo kwenye kisanduku cha faiba au modemu ya mtoa huduma. Matundu yaliyoandikwa LAN ni milango ya kutokea. Hupeleka intaneti kwenye kompyuta, runinga au printa.

Kebo ya mtoa huduma ikichomekwa katika tundu la LAN, taa huweza kuwaka na simu ikaonyesha kuwa imeunganishwa na Wi-Fi, lakini kurasa zisifunguke. Kwa hiyo, taa iliyowaka peke yake si ushahidi kwamba intaneti imefika.

Hatua za kufuata

1. Zima ruta na kisanduku cha mtoa huduma.
2. Unganisha kisanduku hicho na tundu la WAN la ruta. Sukuma plagi mpaka usikie mlio mdogo wa kujifunga.
3. Unganisha kompyuta au runinga na tundu lolote la LAN.
4. Washa kisanduku kwanza. Taa zake zikitulia, washa ruta kwa adapta yake yenyewe. Adapta yenye volti tofauti huweza kuiunguza.

Usichomeke ncha zote mbili za kebo moja katika matundu ya LAN ya ruta ileile, kwani mtandao mzima wa nyumbani huweza kukwama. Waya wa faiba usiukunje, usiuchomoe, wala usiangalie ndani ya ncha yake. Mwanga wake hauonekani, lakini unaweza kudhuru macho.

Ikiwa kasi ni ndogo

Ndani ya kebo ya mtandao mna nyaya nane. Kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde huhitaji zote nane, lakini megabiti 100 huhitaji nne tu. Waya mmoja ukikatika, muunganisho huweza kushuka hadi megabiti 100 bila kukatika kabisa. Hapo mwenye kifurushi cha megabiti 200 hapati hata nusu ya anacholipia kikamilifu. Jaribu kebo nyingine iliyoandikwa Cat5e au Cat6. Chunguza pia maelezo ya ruta, kwa kuwa baadhi ya ruta zina matundu yasiyozidi megabiti 100.

Kabla ya kulalamika

Pima kasi kwa kompyuta iliyounganishwa kwa kebo, si kwa Wi-Fi, na uandike tarehe, saa na matokeo. Wasilisha taarifa hiyo kwa mtoa huduma wako na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Asipokuridhisha, tuletee taarifa hiyo pamoja na namba uliyopewa. Mtumiaji mwenye vipimo mkononi hawezi kujibiwa kwa urahisi kwamba kasoro iko nyumbani kwake.