Somo la Saba: Kauli ya Kutendeka na Kauli ya Kutendwa katika Mazungumzo ya Gereji

Malengo ya somo

Baada ya somo hili, mwalimu mwanafunzi aweze:
(a) kueleza tofauti ya kimaana kati ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa;
(b) kuunda kauli hizo kwa kufuata kanuni za vitenzi vya Kibantu na vya kukopwa;
(c) kutambua makosa ya wanafunzi yanayotokana na lugha zao za kwanza;
(d) kufundisha kauli hizo kwa kutumia mazungumzo ya maisha ya kila siku.

Utangulizi

Katika masomo yaliyotangulia tuliona kwamba mnyambuliko wa kitenzi hubadili uhusiano uliopo kati ya tendo, mtenda na mtendwa. Katika somo hili tunashughulikia kauli mbili ambazo wanafunzi wengi huzichanganya: kutendeka na kutendwa. Vitabu vingi huzieleza kwa mifano ya vikombe vilivyovunjika na milango iliyofunguka. Mifano hiyo ni sahihi, lakini haimwonyeshi mwanafunzi kwa nini tofauti hiyo ina uzito. Tumechagua mahali ambapo uzito huo huonekana kwa fedha taslimu, yaani kwenye gereji.

Magari mengi yanayotumika nchini Uganda yaliingizwa yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, hasa Japani. Mwaka 2018 sheria ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, lakini yale yaliyokwisha kuingia yangali barabarani. Mwenye gari la namna hiyo hukutana mara kwa mara na makadirio ya gharama yanayokaribia thamani ya gari lenyewe. Anapoyajadili makadirio hayo na fundi, kauli za vitenzi ndizo zinazoamua ni nini kimethibitishwa, ni nini kinadhaniwa tu, na nani anawajibika.

Matini: Gari la mwalimu

Mazungumzo yafuatayo ni ya kubuni. Yanafanyika katika gereji mjini Busia, upande wa Uganda, na bei zake ni za kielelezo tu. Injini ya gari imekwisha kupoa.

Mwalimu: Habari za kazi, fundi?
Fundi: Nzuri, mwalimu. Karibu. Gari lako nimelitazama.
Mwalimu: Asante. Tatizo limejulikana?
Fundi: Limejulikana. Injini ilipata joto kupita kiasi, gasketi ya silinda hedi imeungua. Rejeta imeharibika, haitengenezeki. Pampu ya maji nayo imechakaa. Vyote vibadilishwe.
Mwalimu: Jumla yake ni kiasi gani?
Fundi: Rejeta 450,000, pampu 180,000, gasketi 120,000, kusawazisha hedi 200,000, na kazi 350,000. Jumla ni shilingi 1,300,000.
Mwalimu: Hizo ni nyingi, fundi, na gari lenyewe ni la mwaka 1998. Kabla hatujafika kwenye bei, naomba nielezwe jambo moja moja. Imejulikanaje kwamba gasketi imeungua? Mafuta ya injini yamechanganyika na maji?
Fundi: Kifuniko cha mafuta hakijafunguliwa bado.
Mwalimu: Basi tukifungue pamoja. (Kifuniko kinafunguliwa.) Naona mafuta ni safi, hayajawa meupe kama maziwa.
Fundi: Kweli, ni safi.
Mwalimu: Na hayo maji yanavuja wapi?
Fundi: Upande wa juu. Ngoja nipanguse hapa. Aa, mpira wa juu wa rejeta umepasuka karibu na klipu.
Mwalimu: Umepasuka au umepasuliwa?
Fundi: (Akicheka) Umepasuka, mwalimu! Mpira ukizeeka hukauka.
Mwalimu: Je, unazibika?
Fundi: Hauzibiki. Hata ukizibwa leo, kesho utaachia. Huo ubadilishwe.
Mwalimu: Nakubali. Mpira na klipu vibadilishwe, maji ya rejeta yajazwe, kisha injini iwashwe tuone joto linafika wapi. Rejeta ipimwe kwa presha kabla nyingine haijanunuliwa. Naomba niandikiwe bei ya kila kitu, na ule mpira wa zamani nirudishiwe.
Fundi: Mpira na klipu ni 45,000, dawa ya rejeta 40,000, kazi 50,000. Jumla 135,000.
Mwalimu: Kwenye kazi, hapapunguziki kidogo?
Fundi: Nakupunguzia 10,000. Lakini joto likipanda tena, itabidi turudi kwenye rejeta na gasketi.
Mwalimu: Hiyo ni haki.

Uundaji wa kauli

Kauli ya kutendeka huundwa kwa kiambishi -ik- au -ek-, kufuatana na irabu ya mzizi. Mizizi yenye irabu a, i au u huchukua -ik-, na yenye e au o huchukua -ek-. Kauli ya kutendwa huundwa kwa kiambishi -w-, ambacho kwa baadhi ya vitenzi hutanguliwa na -li- au -le-, au na -i- au -e-. Tazama mifano hii:

vunja – vunjika – vunjwa
ziba – zibika – zibwa
tengeneza – tengenezeka – tengenezwa
soma – someka – somwa
haribu – haribika – haribiwa
pasua – pasuka – pasuliwa
fungua – funguka – funguliwa
toboa – toboka – tobolewa

Vitenzi vinavyoishia na -ua au -oa vina upekee wake: katika kutendeka hupata -uka au -oka, na katika kutendwa hupata -uliwa au -olewa.

Kuna pia vitenzi ambavyo hueleza hali bila ya kuhitaji kiambishi cha kutendeka. Katika matini yetu tuna chakaa, ungua, vuja na zeeka. Vitenzi hivi havina mtendwa, hivyo haviwezi kuingia katika kutendwa moja kwa moja. Ili mtenda aonekane, sharti kwanza vipitie kauli ya kutendesha: chakaa – chakaza – chakazwa, ungua – unguza – unguzwa. Pampu iliyochakaa imemalizwa na umri. Pampu iliyochakazwa ina mtu au jambo lililoimaliza.

Hatimaye, vipo vitenzi vyenye -ikana au -ekana, kama julikana, onekana na patikana. Hivi navyo ni vya kundi la kutendeka. Fundi aliposema "limejulikana", hakusema limejulikana na nani, wala kwa njia gani. Ndiyo maana mwalimu aliuliza "imejulikanaje?"

Maana mbili za kutendeka

Kauli ya kutendeka hubeba maana mbili, na mwalimu wa Kiswahili hana budi kuzitenganisha.

Maana ya kwanza ni hali. Hii hujitokeza zaidi pamoja na kiambishi -me-: mpira umepasuka, rejeta imeharibika. Sentensi hizi hueleza jinsi kitu kilivyo sasa.

Maana ya pili ni uwezekano. Hii hujitokeza zaidi katika wakati uliopo, katika mazoea na katika ukanushi wake: mpira unazibika, mpira hauzibiki, rejeta haitengenezeki. Sentensi hizi hueleza kama tendo linawezekana au haliwezekani.

Sasa tulinganishe sentensi tatu:
1. Rejeta haitengenezeki.
2. Rejeta haitengenezwi.
3. Rejeta haijatengenezwa.

Sentensi ya kwanza inadai kwamba hakuna fundi awezaye kuitengeneza. Ya pili inasema tu kwamba hakuna anayeitengeneza, labda kwa kuwa gereji hiyo haifanyi kazi ya namna hiyo. Ya tatu inasema kazi bado. Bei ya rejeta mpya inapata uhalali kutokana na sentensi ya kwanza peke yake. Mteja asiyesikia tofauti hii hulipa shilingi 450,000 kwa sababu ya sentensi ya pili au ya tatu. Katika matini, mwalimu hakubishana na fundi kuhusu neno "haitengenezeki". Aliomba rejeta ipimwe, ili uwezekano au kutowezekana kuthibitishwe kwanza.

Mtenda yuko wapi?

Katika kauli ya kutendwa mtenda aweza kutajwa baada ya kiunganishi na: Mpira umepasuliwa na kijana wa gereji. Hata asipotajwa, msikilizaji anajua kwamba yupo. Katika kauli ya kutendeka mtenda hatajwi. Kinachoweza kutajwa ni sababu, nayo hutanguliwa na kwa au kwa sababu ya: Mpira umepasuka kwa kukauka.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Swali la mwalimu, "Umepasuka au umepasuliwa?", ni swali la nani atalipa. Mpira uliopasuka ni gharama ya mwenye gari. Mpira uliopasuliwa wakati wa ukaguzi ni gharama ya gereji. Fundi alilielewa swali hilo mara moja, ndiyo maana alicheka na kujibu kwa mkazo.

Hata hivyo, tusiwafundishe wanafunzi kwamba kutendeka ni kauli ya kuficha ukweli. Kauli hiyo ni chombo cha adabu pia. Mteja anayeuliza "Nini kimeharibika?" anafungua mazungumzo, ilhali anayeanza kwa "Nani ameharibu?" ametoa shutuma. Vivyo hivyo, "hapapunguziki kidogo?" huomba nafuu bila ya kumwambia fundi kwamba ametoza kupita kiasi. Mwalimu wa matini alitumia kutendeka kwa kuuliza na kuomba, akatumia kutendwa kwa kukubaliana juu ya kazi: vibadilishwe, yajazwe, iwashwe, ipimwe. Makubaliano yanahitaji mtenda, kwa kuwa kazi isiyo na mtenda haifanyiki.

Tuangalie pia niandikiwe na nirudishiwe. Hizi ni kauli za kutendewa: kiambishi cha kutendea kimefuatiwa na cha kutendwa, na anayefaidika ndiye amekuwa kiima. Kwa hali tegemezi, zikitanguliwa na naomba, huwa ombi la heshima lakini lililo wazi. Bei iliyoandikwa na kipuri cha zamani kilichorudishwa ni ushahidi ambao mteja yeyote anastahili kuupata.

Ni vema kusisitiza kwamba fundi wa matini hakuonekana kuwa laghai. Mafuta safi hayatoshi kuthibitisha kwamba gasketi ni nzima, na onyo lake la mwisho lilikuwa la kweli. Kosa lake lilikuwa kuieleza dhana kama hali iliyothibitishwa: alisema "imeungua" mahali pa "huenda imeungua".

Makosa ya kawaida

(a) *Gari limetengenezwa fundi.
Katika Luganda mtenda hufuata kitenzi cha kutendwa bila ya kiunganishi. Mwanafunzi ambaye Luganda ni lugha yake ya kwanza huhamishia muundo huo katika Kiswahili. Usahihi ni: Gari limetengenezwa na fundi.

(b) *Kioo kimevunjika na fundi.
Mtenda ameingizwa katika kutendeka. Usahihi ni: Kioo kimevunjwa na fundi, au: Kioo kimevunjika.

(c) *Boliti zimekatwa na msumeno.
Ala imechukuliwa kuwa mtenda. Usahihi ni: Boliti zimekatwa kwa msumeno.

(d) *Pampu imechakawa.
Kitenzi chakaa hakichukui kiambishi cha kutendwa. Usahihi ni: Pampu imechakaa, au imechakazwa, kwa kutegemea maana.

Mbinu za kufundishia

Tunapendekeza mwalimu aanze kwa vitu halisi: karatasi, kamba na chupa tupu ya plastiki. Aichane karatasi mbele ya darasa na kuuliza, "Imechanika au imechanwa?" Baadaye awaonyeshe karatasi nyingine iliyokwisha kuchanika kabla ya kipindi na kuuliza swali lilelile. Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba jibu la pili hutegemea wanayoyajua, si wanayoyaona tu.

Kisha wanafunzi waigize mazungumzo ya gereji wawili wawili, wakibadilishana nafasi. Anayeigiza fundi apewe orodha ya hitilafu na anayeigiza mteja apewe kiasi cha fedha kisichotosha. Mwalimu asikatize maigizo kwa kila kosa. Ayaandike makosa pembeni na kuyajadili baadaye. Darasa lisilo na uzoefu wa magari laweza kutumia baiskeli, cherehani au simu.

Mazoezi

1. Nyambua vitenzi hivi katika kutendeka na kutendwa: pinda, kata, chomoa, rekebisha, ng'oa, jibu.
2. Eleza tofauti ya maana: (i) Betri haichajiki. (ii) Betri haichajiwi. (iii) Betri haijachajiwa.
3. Chagua sentensi tano kutoka katika kauli za fundi. Kwa kila moja, bainisha kama inaeleza hali, uwezekano au agizo, na useme ni ushahidi gani mteja angeuomba.
4. Fundi amekuandikia: "Klachi imeisha, haifai, lazima ibadilishwe." Andika maswali manne ya heshima utakayomuuliza kabla ya kukubali bei. Mawili yawe na kauli ya kutendeka na mawili kauli ya kutendewa.
5. Katika lugha yako ya kwanza, je, kuna kiambishi kinachofanana na -ik-? Toa mifano mitatu, na ueleze jinsi mtenda anavyotajwa katika kauli ya kutendwa ya lugha hiyo.

Muhtasari

Tumeona kwamba kutendeka hueleza hali au uwezekano bila ya kumtaja mtenda, na kutendwa huacha nafasi ya mtenda hata asipotajwa. Tumeona pia kwamba vitenzi kama chakaa na ungua hueleza hali vyenyewe, na kwamba kutendewa humweka mfaidika mbele. Mwanafunzi aliyezimudu kauli hizi ataweza kuuliza, bila ya kumvunjia mtu heshima, ni nini kimeharibika, imejulikanaje, kinatengenezeka au la, na kibadilishwe kwa gharama ya nani. Somo linalofuata litashughulikia kauli ya kutendesha.